Mkono Niliousifu

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema mapema ili anayesoma asidhani ni uzee. Nilipokuwa mtoto huko Muleba mama alinitengea kibakuli changu, kwa sababu sikuweza kula sahani moja na ndugu zangu waliolamba vidole halafu wakavirudisha kwenye mchuzi. Watu wakisikia kazi yangu hucheka. Daktari wa mifupa, kila wiki anapasua watu, kinyaa gani tena? Lakini damu haijawahi kunichukiza. Kinachonitia kichefuchefu ni uchafu wa uzembe: bandeji iliyooza juu ya kidonda kwa kuwa hakuna aliyejali kuifungua, sakafu ya wodi inayonata chini ya kiatu, na daktari anayeandika "ameteguka tu" bila kumgusa mgonjwa. Hicho cha tatu nimekichukia kuliko vyote, na ndicho kilichonikalisha chini kuandika haya.

Nafanya kazi katika hospitali moja hapa Bukoba, na mara moja kwa mwezi nakwenda Muleba kuona wagonjwa wa kule. Kwa miaka mingi nimejulikana kwa kitu kimoja, kifundo cha mkono. Pale mkono unapoungana na kiganja kuna mifupa midogo minane, imepangwa safu mbili kama kokoto. Mmoja huvunjika mara kwa mara na kila daktari anaufahamu. Iliyobaki huvunjika kwa nadra, na ikivunjika hujificha nyuma ya mwenzake, picha ya kawaida haiionyeshi vizuri, mgonjwa anapewa dawa ya kuchua na kuambiwa aende nyumbani. Miezi inapita, mkono unakufa polepole. Mimi nilijipatia jina kwa kuitafuta hiyo inayojificha, na jina hilo nilililea.

Mwaka wa mambo haya aliletwa mvuvi kutoka kisiwa cha Goziba. Mkono wake ulibanwa kati ya boti mbili, naye akakaa nao kambini wiki tatu. Mganga wa mifupa wa kule alikuwa ameuzungushia majani, mafuta ya sangara na kipande cha wavu, kisha akafunga yote kwa gamba la mgomba. Muuguzi alipokata lile gamba, harufu ilijaa chumba kizima. Mafuta yalikuwa yamechacha, ngozi imelainika ikawa nyeupe, na kwenye mkunjo wa kiganja funza wawili walikuwa wakitembea bila wasiwasi. Nilitoka nje, nikatema mate kwenye maua ya hospitali, nikarudi. Mkono ulipooshwa nilibonyeza kwa kidole gumba upande wa kidole kidogo, pale penye kifupa cha mviringo mfano wa njegere. Jamaa aliruka. "Huu umepasuka," nikawaambia wanafunzi kabla hata ya picha, na picha iliyopigwa kwa kuulaza mkono kiubavu ikathibitisha. Baadaye nilikitoa kile kifupa, akarudi kuvuta nyavu zake.

Nilitembea na hadithi ile wiki nzima, kichwa kimevimba. Niliwaambia wanafunzi kwamba aliyemfunga mtu yule ni mchafu, na kwamba kati ya yule mganga wa mafuta ya sangara na daktari anayesoma picha bila kugusa mkono mimi sioni tofauti, isipokuwa wa pili ana koti jeupe. Waliandika maneno yangu kwenye madaftari.

Lakini mfupa niliokuwa nikiuwinda hasa ulikuwa jirani wa ile njegere. Una ndoana. Umekaa ndani ya kiganja, na ndoana yake imejitokeza kuelekea pale mtu anapokamatia mpini. Vitabu vinasema huvunjika kwa wazungu wanaopiga mipira kwa fimbo ndefu, fimbo inapogonga ardhi na kitako chake kikarudi kugonga kiganja. Kwa miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimeupata hata mmoja. Nilikuwa nikiutamani, na naona aibu kuandika neno hilo, kwa sababu kutamani mfupa uvunjike ni kutamani mtu fulani aumie. Nilitaka kwenda kuuonyesha kwenye mkutano wa madaktari Mwanza, na picha za operesheni nilikuwa nimeshazipanga kichwani.

Wodi yetu wakati huo ilisafishwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Muleba kama mimi, aliyepanga chumba mtaa wa Kashai. Hakuajiriwa na hospitali. Aliletwa na kampuni ya usafi, chini ya msimamizi mnene aliyening'iniza funguo kiunoni na aliyependa kuwafokea wanawake wake mbele ya wagonjwa. Kila asubuhi nilipoingia, mwanamke yule aliweka ndoo chini, akakunja goti, akanipa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaja kuushika ule wa kulia kwenye kifundo, kama tulivyofundishwa sote kumpa mkubwa mkono.

"Shikamoo waitu, dokta."

Hilo "waitu" lake lilinikuna. Ni neno la heshima la kwetu, na hospitalini hakuna anayejisumbua nalo. Vijana wa siku hizi wanakupa mkono mmoja huku wa pili unachezea simu. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wanafunzi nikasema, "Mnaona? Huyu amelelewa. Angalieni mkono wa kushoto ulipo." Wakaangalia. Yeye akainamisha macho, nami nikaubana mkono wake kwa nguvu kama nilivyoubana kila siku, maana baba yangu alinifunza kwamba salamu ya mwanamume lazima iwe na uzito. Nilijiona mtu mwema sana kumshika mkono mfagizi mbele ya watu.

Na katika siku hizohizo nilikuwa nikiilalamikia sakafu yake. Ilikuwa haikauki. Dekio lilipita likaacha maji ya kijivu yamelala kwenye maungio ya vigae, na kufika saa nne wodi inanuka dawa iliyochanganyika na usaha. Nilisema mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nikaandika. Nakumbuka nilivyoandika kwa kalamu iliyokandamizwa hadi karatasi ikatoboka: kwamba sakafu ile ni ya kuchukiza, na kwamba anayehusika ni mvivu. Nilikuwa najua anayehusika ni nani. Nilimsifia adabu saa mbili asubuhi, nikamwita mvivu saa sita mchana, wala mambo hayo mawili hayakugongana kichwani mwangu.

Msimamizi alimpa barua ya onyo. Alimsomea kwenye korido, kwa sauti, na mwisho akaongeza la kwake: "Malalamiko mengine kama haya, unga wako umemwagika. Urudi Muleba ukalime." Nilikuwa napita. Nilisikia, nikaona sawa, nikaendelea na raundi.

Sasa niieleze asubuhi yenyewe. Mvua ya Bukoba ilikuwa imeanza tangu alfajiri, watu wameingiza matope, na msimamizi alikuwa mlangoni akimhimiza. Aliponiona hakuthubutu kuweka ndoo chini. Aliishika kwa mkono wa kushoto, imejaa maji aliyotoka kudekia chumba cha vidonda, akakunja goti, akanipa mkono wa kulia peke yake. Niliubana kama kawaida yangu.

Alipiga ukelele ambao sijausikia hata kwa watu wenye mifupa iliyotoka nje ya ngozi. "Maawe!" Ndoo ikaanguka. Maji yale yalinimwagikia kwenye viatu, yakapenya kwenye soksi, ya uvuguvugu, na kipande cha pamba chenye rangi ya njano kikatua juu ya kamba za kiatu changu cha kushoto kikakaa hapo. Na nitasema ukweli, neno la kwanza lililonitoka halikuwa la daktari. Nilisema, "Pumbavu, umenichafua!"

Alikuwa ameshapiga magoti. Alikuwa akifuta viatu vyangu kwa kitambaa, huku akisema, "Nisamehe waitu, nisamehe," na msimamizi amefika na funguo zake, anasema aliyotaka kusema siku nyingi. Nilikuwa nikitazama kile kipande cha pamba kikiondolewa. Ndipo nikaona kwamba anafuta kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameupakata tumboni.

"Mbona unatumia kushoto?"

"Nitafuta vizuri, dokta."

"Nimekuuliza mkono."

"Ndivyo alivyo huyu, dokta," msimamizi akadakia. "Akiambiwa akamue dekio, mkono. Akiambiwa abebe ndoo, mkono. Mvivu hakosi cha kusingizia."

Nilimwinua. Nilimwambia anipe mkono kama anavyonipa kila siku. Akanipa wa kulia, na wa kushoto ukaja ukaushika kwenye kifundo.

"Kwa nini unaushika hapo?"

Alitazama ndoo iliyoanguka.

"Ni adabu?"

"Ni adabu," akasema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Na unauma, waitu. Nisipoushikilia hapa, ukiubana maumivu yananipanda mpaka huku," akaonyesha kiwiko kwa kidevu.

Wanafunzi wawili walikuwa nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka. Miezi minane mwanamke yule aliushikilia mkono wake usisambaratike mikononi mwangu, na mimi niliwaonyesha watu jambo hilo kama somo la malezi. Niliubonyeza taratibu, si kwenye njegere, kidogo mbele yake, ndani ya kiganja. Machozi yakamtoka bila sauti. Nikamwambia akunje kidole kidogo. Kikaja nusu, kikitetemeka. Nilikisugua kwa ncha ya kalamu nikamuuliza anasikiaje. Akasema kama kidole cha mtu mwingine.

Alinieleza akiwa amesimama kwenye yale maji. Wakati wa masika alikwenda kumsaidia mama mkwe wake shambani Muleba. Alikuwa anakata kisiki cha mgomba wa zamani kwa panga, na chini ya kisiki kulikuwa na jiwe. Panga liligonga jiwe, kitako cha mpini kikampiga kiganjani. Alisikia kitu kikilia ndani kama kijiti.

"Hukwenda hospitali?"

"Nilikuja hapahapa, kabla sijaanza kazi hii. Nikapigwa picha."

"Ikasemaje?"

"Niliambiwa nimeteguka."

Damu ilinichemka. Hapo ndipo nilipokuwa nyumbani, hapo ndipo nilipokuwa na hotuba. Nikageuka sasa kwa wanafunzi, sauti juu, wodi nzima isikie. "Ni mpumbavu gani aliyesoma picha hiyo? Mnaona? Mtu kama huyo ni wa kunyang'anywa koti! Bora yule wa mafuta ya sangara!" Nikamwambia mwanamke ailete picha kesho yake, nimjue huyo mtu. Alinitazama, akamtazama msimamizi, akatazama viatu vyangu.

"Nitaileta, waitu," akasema.

Aliileta asubuhi, kwenye bahasha ya kaki iliyolainika kwa kulaliwa chini ya godoro. Wanafunzi walikuwapo wote, nilikuwa nimewaita. Kabla ya kuitoa picha niligeuza bahasha nisome yaliyoandikwa nyuma. "Hakuna mvunjiko. Ameteguka tu. Dawa ya kuchua." Mwandiko ulikuwa wa kukandamizwa, na chini yake sahihi yangu.

Nilisoma mara mbili. Sikukumbuka chochote, wala mwanamke, wala siku, wala picha. Pengine niliinua filamu dirishani nikiwa na chai mkononi. Sikumgusa mkono, hilo nalijua, kwa sababu ningemgusa ningejua. Niliiweka filamu kwenye taa. Mfupa wenye ndoana ukipigwa picha kwa mbele, ndoana huonekana imetazama kwako, inachora kiduara kidogo. Nimewafundisha wanafunzi wangu mara ngapi: tafuteni kiduara, kisipokuwapo jiulizeni kimeenda wapi. Hakikuwapo. Hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyesimama mlangoni alikuwa ameshaona, nilimwona usoni. Hakuna aliyesema neno, na ule ukimya wao wa adabu ulinikirihi kuliko kama wangecheka. Niliwaambia watoke.

"Mbona hukuniambia jana?" nikamuuliza tulipobaki wawili.

"Ulikuwa unamtukana. Nikaona aibu kukwambia ni wewe."

"Na miezi yote hii?"

Alifikiri. "Uliandika sina kitu. Ningerudi nikasema nini? Na ulikuwa unanisifia."

Nilijionea kinyaa. Sina namna nyingine ya kusema. Nimeona matumbo, nimeona vidonda vya kisukari vinavyodondosha vidole, lakini siku ile nilikwenda kunawa nikajitazama kwenye kioo cha chooni, kile chenye madoa ya chokaa, nikaona uso ulioshiba na kujiamini, nikashindwa kuutazama.

Tulimpiga picha nyingine, kiganja kimekunjwa nyuma kabisa na mionzi ikapita kwa kufuata kiganja. Aliuma mtandio wake wakati wa kukunja. Ndoana ilikuwa imekatika kwenye shina, imekaa peke yake. Niliyoitamani miaka yote. Wenzangu walikuja kuitazama wakanipongeza, mmoja akasema, "Sasa Mwanza unakwenda na kitu." Nilimjibu vibaya, na yeye hakustahili.

Nilimwonyesha mwanamke ile picha ya kwanza, nikamwambia kiduara hakipo na hata mwanafunzi angeona. Nikamweleza ukweli wote, kwamba kipande kile kina ncha kali, kwamba kano ya kidole kidogo inapita juu yake na kila alipokamua dekio ilisagika, kwamba ikikatika kabisa itafuata ya kidole cha jirani, na baada ya hapo hatakamata jembe wala kisu cha kumenyea ndizi. Aliuliza jambo moja tu: baada ya kupasuliwa atakaa muda gani bila kukamua? Nikamwambia wiki sita, pengine zaidi, na kwamba asijali. Msimamizi nitaongea naye. Na niliongea naye kweli, tukiwa tumesimama, dakika moja, nikikimbilia gari la Muleba. Nilimwambia huyu mama ni mgonjwa, apumzike. Akasema, "Sawa, dokta." Nikapanda gari nikihesabu jambo hilo limekwisha.

Operesheni niliifanya mwenyewe. Ganzi ilipigwa kwapani, kwa hiyo alikuwa macho, nyuma ya pazia la kijani, akitazama dari. Nilipasua kiganja upande wa kidole kidogo, nikausogeza kando mshipa wa fahamu unaopita pale, mwekundu na uliovimba kwa kusuguliwa. Chini yake kipande cha ndoana, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, na ncha yake inakwaruza glavu. Nikakitoa, nikasawazisha shina kwa tupa. Halafu nikaitafuta kano. Kano nzima hung'aa, nyeupe, laini. Hii ilikuwa ya rangi ya maji ya dekio, imechambuka kama katani, imeshikwa na nyuzi tatu. Nilipoigusa kwa koleo, mbili kati ya hizo ziliachia. Nililazimika kukata kilichooza na kuishona ile iliyobaki kwenye kano ya kidole cha pete, ili kidole kimoja kikijikunja kiende na mwenzake.

Kutoka nyuma ya pazia aliuliza, "Imekatika, dokta?"

"Ilikuwa karibu."

"Kama ungeifungua wakati ule ingekuwa nzima?"

Muuguzi aliinua macho juu ya barakoa. "Ndiyo," nikasema. "Ingekuwa nzima." Nikaanza kushona.

Wiki sita zilipita. Alikuja kusafishwa kidonda, akaja kutolewa nyuzi, akaja kufundishwa mazoezi, na kila mara mkono ulikuwa safi, bandeji imefungwa vizuri. Wodini alikuwapo mfagizi mwingine, msichana mwenye mikono miwili mizima. Sakafu ilikuwa inakauka. Haikunuka. Nitaungama hata hili: nilifurahia. Niliingia asubuhi nikavuta pumzi kwa raha, na sikujiuliza hata mara moja yule wa kwanza amewekwa wapi.

Siku ya mwisho ya kliniki alikunja vidole vyote. Kidole kidogo na cha pete vilijikunja pamoja kama ndugu waliogombezwa, lakini vilifika kiganjani. Alinikamata mkono kwa nguvu nilipomwambia akamate. Nikafurahi, nikamwambia, "Sasa unaweza kurudi kazini."

"Kazi gani, waitu?"

Alitoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa barua ya kuachishwa, ya tarehe ileile maji yaliponimwagikia, yaani kabla sijaongea na msimamizi ilikuwa imeshaandikwa. Sababu: uvivu uliothibitishwa. Nyuma yake kwa pini ilikuwa imebanwa nakala ya malalamiko yangu, ile karatasi iliyotobolewa na kalamu. Na juu ya yote muhuri wa kampuni, wa mviringo, wa bluu.

Nilisema nitakwenda kumwona msimamizi saa hiyohiyo. Akatikisa kichwa.

"Yule ameshapata mtu. Mimi nimeomba kazi mahali pengine, hoteli moja pale karibu na ziwa. Wamesema nilete barua ya kazi ya mwanzo. Nitapeleka hii? Hata mama mkwe anajua imeandikwa nini. Tangu mkono uanze kuuma simenyi ndizi, naye ananiambia mbele ya watoto, 'Umekataa kumenya ndizi, umeona, hata huko mjini wamejua u mvivu.'" Aliikunja. "Nataka na wewe uniandikie karatasi. Karatasi kwa karatasi."

Nilivuta fomu ya hospitali nikaandika. Niliandika kwa ustadi. "Mgonjwa aligundulika baadaye kuwa na mvunjiko wa nadra ambao kwa kawaida ni mgumu kuonekana." Nikampa. Alisoma taratibu, midomo ikitembea.

"Hapa inaonekana mfupa ndio ulijificha," akasema.

"Ni kweli hujificha."

"Picha ulinionyesha mwenyewe. Ulisema kiduara hakipo, na hata mwanafunzi angeona." Akairudisha karatasi mezani. Hakuwa na hasira. "Nani aliyesema sina kitu? Hapa hayupo. Na neno mvivu uliliandika wewe, dokta. Mimi siwezi kulifuta."

Nilikaa nikiitazama sentensi yangu. Ilikuwa safi, haina hata tone, na ilinichukiza kuliko mkono wa mvuvi wa Goziba. Aliyemfunga yule mvuvi angalau aliamini mafuta yake. Niliichana. Nikachukua fomu nyingine nikaandika kwamba mama huyu alikuja kwangu akiwa amevunjika, kwamba nilitazama picha yake kwa haraka na sikumgusa mkono, kwamba nilimwambia hana kitu na alikuwa nacho, kwamba baadaye nikaandika kwamba ni mvivu, na kwamba hakuwa mvivu, alikuwa akikamua dekio kwa mkono uliovunjika kwa sababu mimi nilimwambia ni mzima. Nikaweka sahihi. Nikamsogezea karatasi.

Alisoma. Akasoma tena.

"Piga muhuri," akasema.

"Sahihi yangu inatosha."

"Ile yao ina muhuri. Isipokuwa na muhuri watasema nimeandika mwenyewe."

Muhuri unakaa ofisi ya mganga mfawidhi, kwa katibu wake, mama mmoja wa mjini, Mwislamu mwenye miwani minene, ambaye hajawahi kugonga muhuri juu ya kitu asichokisoma. Tulikwenda pamoja. Nje ya mlango wake benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri vyeti, wauguzi wawili, na yule mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiwa na fomu zake. Wote wakasimama kunisalimu. Katibu alipokea karatasi, akaisogeza karibu na miwani, akaanza kusoma kama anavyosoma siku zote, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika hadi getini. Alipofika katikati alisimama.

"Dokta, hapa umeandika 'sikumgusa mkono'. Niache hivyo, au uandike upya?"

Yule mwanafunzi alishusha fomu zake.

"Hivyohivyo," nikasema.

"Na hapa, 'hakuwa mvivu'?"

"Hivyohivyo."

Akagonga muhuri. Wino ulikuwa hafifu, akaupekecha kwenye kisahani chake akagonga tena pembeni. Mwanamke aliichukua karatasi, akaipuliza, lakini hakuikunja. Alianza kuisoma tena kuanzia juu, neno kwa neno, akiwa amesimama hapohapo mbele ya watu wote, na mimi nikasimama kando yake nikisubiri amalize.